Nguvu bila daftari hupotea bila habari

MZAZI anaamka saa 11 alfajiri, kabla watoto hawajaanza kutafuta soksi na kuulizia chai. Anafanya mazoezi ya nguvu nusu saa, mara tatu kwa wiki, kwa miezi miwili. Siku moja anapanda kwenye mizani na kukuta kilo ni zile zile za siku ya kwanza. Wiki inayofuata haamki.

Wengi huacha kwa njia hiyo. Wamefanya kazi kweli, na mara nyingi mwili wao umeshaanza kubadilika, lakini kipimo walichokitumia hakikuwa na uwezo wa kuona mabadiliko hayo. Anayetaka kujua kama nguvu imeongezeka hana budi kupima nguvu yenyewe. Uzito wa mwili ni jambo jingine.

Suala hili si la vijana wanaotaka kifua cha kuonyesha ufukweni. Nguvu ndiyo inayomwezesha mama kushuka kwenye daladala akiwa amembeba mtoto aliyelala na mfuko wa sokoni mkononi. Ndiyo inayomwezesha baba kumgeuza mzazi wake mgonjwa kitandani bila kuumia kiuno. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima kufanya mazoezi ya kuimarisha misuli mikubwa ya mwili angalau siku 2 kwa wiki, mbali na kutembea au kukimbia.

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la kitabibu la The Lancet ulifuatilia watu karibu 140,000 katika nchi 17. Walipimwa nguvu ya kubana kwa kiganja. Watafiti waliona kuwa kila upungufu wa kilo 5 katika nguvu hiyo uliendana na hatari ya kufariki iliyo kubwa zaidi kwa asilimia 16. Kiganja chenyewe hakiongezi umri wa mtu, ila kinatoa habari za mwili mzima.

Kwa nini mizani na macho ya majirani hudanganya

Uzito wa mtu mzima unaweza kupanda au kushuka kilo 1 hadi 2 ndani ya siku moja. Maji aliyokunywa, chumvi iliyokuwa kwenye chakula cha jana na choo alichokwenda au hakwenda, vyote vinaonekana kwenye mizani. Kwa wanawake, siku za mwezi nazo hubadilisha kiasi cha maji mwilini.

Zaidi ya hapo, misuli ni mizito kuliko mafuta ya ukubwa ule ule. Mtu anaweza kupunguza mafuta na kuongeza misuli kwa pamoja, gauni likamlegea kiunoni, na mizani isisogee hata kidogo.

Macho ya watu nayo si kipimo. Mama akipungua, majirani watamuuliza kama anaumwa. Akiongezeka, ataambiwa amenawiri. Baba akianza kutanuka mabega, atatuhumiwa kuwa ana mpango wa kuoa mke mwingine. Maneno hayo huumiza au hufurahisha, lakini hayasemi kama mtu ana nguvu kuliko mwezi uliopita.

Hata maumivu ya misuli siku ya pili yake si ushahidi. Mwili huuma zaidi unapofanya jambo usilolizoea, na maumivu hayo hupungua kadiri mtu anavyozoea, ingawa nguvu bado inaongezeka. Jasho nalo hutegemea zaidi joto la chumba. Atakayepima mazoezi kwa jasho, Dar es Salaam mwezi wa pili atajiona bingwa hata akifagia uwanja tu.

Daftari la shilingi chache

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nguvu ni mali ya namna hiyo.

Mbinu ya kupima na kuandika ina historia ya kitabibu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alikuwa akitibu askari waliojeruhiwa miguu katika hospitali ya kijeshi mjini Chicago. Alitafuta uzito ambao mgonjwa angeweza kuunyanyua mara 10 na asiweze mara ya 11, akautumia kwa mazoezi, kisha akapima upya kila wiki na kuongeza. Alichapisha njia hiyo mwaka 1945. Wazo lake, kwamba mzigo uongezwe hatua kwa hatua kadiri misuli inavyomudu, ndilo linaloongoza mazoezi ya nguvu hadi leo.

Mzazi hahitaji programu ya simu wala mashine. Daftari la shule linatosha. Kila siku ya mazoezi anaandika mambo matano: tarehe, zoezi, uzito, idadi ya mara, na ni mara ngapi zaidi angeweza kuendelea kabla ya kushindwa. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kupewa kazi ya kuhesabu na kuandika. Atajifunza hesabu, na mzazi hataweza kujiongezea.

Maji ni uzito wa bure

Anayefanya mazoezi nyumbani bila vyuma ana kipimo jikoni kwake. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Dumu la lita 5 likijaa ni kilo 5 na ushee, la lita 10 ni kilo 10, na la lita 20 ni kilo 20, ukiacha uzito mdogo wa dumu lenyewe.

Faida ya dumu ni kwamba linaongezwa kidogo kidogo. Chupa ya nusu lita ikimiminwa ndani, mzigo umeongezeka nusu kilo. Kwenye jimu nyingi hatua ndogo kabisa ya kuongeza chuma ni kubwa kuliko hiyo. Jambo la kuzingatia ni kufunga mfuniko vizuri na kukagua mpini kila siku, maana dumu kuukuu likikatika mpini huvunja vidole vya mguu.

Mazoezi manne yanatosha kwa kuanzia: kuchuchumaa na kusimama ukiwa umekumbatia dumu kifuani, pushapu, kuinua dumu kutoka chini huku mgongo umenyooka, na kutembea umebeba madumu mawili, moja kila mkono.

Njia sita za kuona maendeleo

*Mara nyingi zaidi kwa uzito ule ule.* Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote. Aliyechuchumaa na dumu la kilo 10 mara 8 kwa awamu moja, na baada ya wiki nne akafika mara 12, ameongeza nguvu. Hakuna haja ya mtu kumthibitishia.

*Uzito mkubwa zaidi.* Akishafika mara 12 katika awamu zote tatu kwa siku mbili mfululizo, anaongeza lita 1 au 2 na kurudi kwenye mara 8. Kisha anapanda tena.

*Jumla ya mzigo.* Hapa anazidisha uzito, mara na awamu. Kilo 10, mara 8, awamu 3 ni kilo 240. Kilo 10, mara 12, awamu 3 ni kilo 360. Ni nusu zaidi ya mwanzo, kwa dumu lile lile. Lakini hesabu hii inahitaji akili. Akipanda hadi kilo 12 kwa mara 8 na awamu 3, jumla itakuwa 288. Imeshuka kutoka 360, ila mtu hajarudi nyuma, amepanda ngazi ya uzito. Kwa hiyo jumla ilinganishwe na jumla ya uzito ule ule.

*Akiba inayobaki.* Wiki ya kwanza mtu anafanya mara 10 na kuhisi angeweza moja tu zaidi. Wiki ya tano anafanya mara 10 zile zile, na kuhisi angeweza nne zaidi. Daftari lisiloandika akiba litaonyesha hakuna kilichobadilika. Kipimo hiki kinahitaji ukweli wa nafsi, na wanaoanza hukosea kukisia kwa wiki za mwanzo, lakini wakizoea kinawafaa sana.

*Ubora wa zoezi.* Anayechuchumaa nusu hawezi kujilinganisha na siku alipochuchumaa hadi chini. Dawa yake ni kuweka alama. Kigoda kiwekwe nyuma, na kila mara makalio yakiguse kabla ya kusimama. Kwa pushapu, kuna ngazi zinazojulikana: kwanza mikono ukutani, kisha kwenye meza imara au ukingo wa kitanda, mwisho sakafuni. Mama aliyeanza na ukuta akafika kwenye ukingo wa kitanda amepiga hatua kubwa, hata kama idadi imeshuka kutoka 15 hadi 6.

*Umbali na muda wa kubeba.* Achukue madumu mawili yenye uzito sawa na atembee uani hadi vidole vianze kuachia. Ahesabu hatua. Aliyeanza na hatua 30 akafika 50 ameongeza nguvu ya viganja, mikono na kiuno, na ataiona siku maji yatakapokatika mtaani.

Kwa wanaokwenda jimu, ipo hesabu ya kukisia uzito wa juu kabisa ambao mtu angeweza kuunyanyua mara moja, bila kuhatarisha mgongo kwa kuujaribu kweli. Inaitwa kanuni ya Epley, kwa jina la mwalimu wa mazoezi wa Marekani, Boyd Epley. Idadi ya mara inagawanywa kwa 30, jibu linajumlishwa na 1, kisha linazidishwa kwa uzito. Aliyenyanyua kilo 40 mara 5 anakisiwa kuweza karibu kilo 47 kwa mara moja. Akifika mara 9 kwa kilo zile zile 40, makisio yanakuwa kilo 52. Hesabu hii huaminika zaidi mara zikiwa chini ya 10.

Futi ya fundi na suruali ya zamani

Anayetaka kujua umbo pia, atumie futi ya fundi cherehani. Kiuno kipimwe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi kwa kawaida, bila kuvuta tumbo ndani. WHO inaonyesha kuwa hatari ya maradhi kama kisukari na ya moyo huongezeka kiuno kinapozidi sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume. Mjamzito hahusiki na kipimo hiki.

Paja na mkono wa juu vipimwe mara moja kwa mwezi, mahali pale pale. Asiye na futi atumie nguo isiyovutika, aijaribu kila mwisho wa mwezi na kuandika inavyomkaa.

Picha nazo husaidia kama zimepigwa mahali pamoja, mwanga mmoja na nguo ile ile, kila baada ya wiki nne. Picha hizo si za stetasi. Maoni ya watu 100 hayapimi kitu, na yanaweza kumkatisha tamaa anayeanza.

Wiki ya kwanza si sawa na ya ishirini

Nguvu haipandi kwa mwendo mmoja. Katika wiki za mwanzo mtu huona anaongeza karibu kila siku ya mazoezi, ingawa misuli haijakua kwa kuonekana. Sababu ni kwamba ubongo na neva zinajifunza kuiamsha misuli mingi zaidi kwa wakati mmoja. Ukuaji wa misuli wenyewe huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonekana kwa macho.

Hii ndiyo sababu daftari ni la lazima mwanzoni. Kwa mwezi na nusu wa kwanza, habari njema zote zipo kwenye namba, wakati kioo kiko kimya. Anayetazama kioo peke yake huacha mazoezi huku mwili wake ukiwa tayari umeanza kuitikia.

Baadaye mwendo hupungua. Aliyekuwa akiongeza kila wiki ataongeza kila mwezi. Huko si kushindwa. Kinachofaa kulinganishwa ni mwezi na mwezi, badala ya Jumatatu na Jumatano.

Zipo pia siku ambazo namba hushuka. Mtoto mchanga amelia usiku kucha. Mtu ametoka kuugua malaria. Ni mwezi wa Ramadhani na mazoezi yanafanyika kabla ya kufuturu. Pembeni ya namba hizo aandike neno moja: "usingizi", "homa", "saumu". Akija kusoma daftari baada ya miezi mitatu, ataelewa kilichotokea, na hatajilaumu kwa jambo lililokuwa na sababu.

Namba zikigoma kwa wiki tatu au nne bila sababu ya namna hiyo, kuna maswali matatu ya kujiuliza kwa mpangilio. Je, analala vya kutosha? Je, anakula vya kutosha, hasa maharage, mayai, samaki, dagaa, maziwa au nyama? Je, amepumzika angalau siku moja kati ya mazoezi ya misuli ile ile? Mara nyingi jibu hupatikana kabla ya kubadilisha zoezi lolote.

Bibi na babu nao wapimwe

Katika nyumba nyingi, mwenye haja kubwa zaidi ya nguvu ni mzee. Kuna kipimo cha kiti kinachotumika katika kliniki za wazee. Kiti kisicho na mikono, chenye kimo cha kama sentimita 43, kinaegemezwa ukutani kisiteleze. Mzee anakaa katikati, anakunja mikono kifuani, kisha anasimama wima na kukaa tena, mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Mtu asimame karibu naye muda wote.

Kwa viwango vinavyotumiwa na Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC), mwanamke wa miaka 60 hadi 64 anayepata chini ya mara 12, au mwanamume wa umri huo anayepata chini ya mara 14, yuko chini ya wastani na ana hatari kubwa zaidi ya kuanguka. Kwa miaka 70 hadi 74, viwango ni chini ya mara 10 kwa wanawake na chini ya 12 kwa wanaume.

Matokeo mabaya si hukumu. Mwaka 1990, jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti uliofanyika Boston kwa wazee dhaifu 10 wa umri wa miaka 90 hivi, waliokuwa wakiishi katika nyumba ya wazee. Walifanya mazoezi ya nguvu ya miguu kwa wiki 8 chini ya uangalizi. Tisa waliomaliza waliongeza nguvu kwa wastani wa asilimia 174.

Watoto wasipimwe kama wakubwa

Wazazi wengi wanaamini kuwa kunyanyua uzito hudumaza mtoto. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kimeeleza kuwa mazoezi ya nguvu yaliyopangwa vizuri na kusimamiwa hayazuii ukuaji. WHO nayo inashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye shughuli za kuimarisha misuli na mifupa angalau siku 3 kwa wiki. Kuruka kamba, kupanda mti na kuvuta kamba zimo humo.

Kipimo cha mtoto kiwe ubora na furaha: ameweza kuchuchumaa bila kuinua visigino, ameruka kamba mara ngapi bila kukatika. Asishindanishwe kutafuta uzito mkubwa kabisa, na asilinganishwe na kaka yake. Walio katika umri wa kukua hutofautiana sana kwa mwaka mmoja tu.

Dalili za kusimama

Kuna namba ambazo hazifai kufukuzwa. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, kisukari au maumivu ya mgongo ya muda mrefu azungumze na daktari kabla ya kuanza. Mama aliyejifungua, hasa kwa upasuaji, asubiri ruhusa ya mhudumu wa afya. Akiona mkojo unamtoka anapoinua mzigo, apunguze uzito na aeleze kliniki bila aibu, maana tatizo hilo linatibika.

Pumzi isizuiwe. Mtu anapoinua, atoe pumzi, anaposhusha, aivute. Kubana pumzi chini ya mzigo mzito hupandisha shinikizo la damu ghafla. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, ganzi au maumivu makali ya kiungo ni sababu ya kuweka dumu chini siku hiyo na kwenda hospitali.

Ratiba ya kupima

Kila siku ya mazoezi: uzito, mara, awamu na akiba. Kila wiki: kupanda mizani si lazima, lakini anayependa apande asubuhi, baada ya kutoka chooni na kabla ya chai, na achukue wastani wa mwezi. Kila baada ya wiki nne: kiuno, paja, mkono, nguo na hatua za kubeba madumu. Kila baada ya wiki 12: kusoma daftari lote kuanzia ukurasa wa kwanza, kisha kupanga miezi mitatu inayofuata.

Leo jioni inatosha kutafuta daftari, kuandika tarehe na kupima mara ngapi mtu anaweza kuchuchumaa na dumu la lita 5 hadi kwenye kigoda. Namba itakayoandikwa, hata kama ni 4, ndiyo ya kuanzia.